Usiikate sentensi vipande: ekstensheni moja, brauza nne, lugha nne

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya vijana wanaosomea programu na wengine ambao tayari wanaifanya hiyo kazi, kuhusu ekstensheni yetu, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye brauza, na tulivyoiandika kwa lugha nne. Nimeiandika karibu vile vile nilivyoongea, nimeongeza tu sehemu chache ambazo pale ukumbini nilizionyesha kwenye skrini.

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Nashukuru sana kuitwa, na nashukuru zaidi kuona watu wa nyuma kule wamesimama na hawajaondoka, viti vipo huku mbele jamani njooni mkae.

Nianze na dada yangu, maana bila yeye hii kazi isingekuwepo. Dada yangu ni muuguzi, kituo chake kiko mbali kidogo na barabara ya lami, na mtandao kule unaupata ukisimama chini ya mwembe, ukisogea hatua tatu umepotea. Sasa yeye akija mjini mwisho wa mwezi alikuwa anakaa kwa rafiki yake mwenye waifai, anafungua vitu vyote anavyotaka kusoma, makala za kitabibu, mambo ya ufugaji wa kuku, mapishi, anaviacha wazi kwenye laptopu anafunika anarudi zake. Akifika nyumbani anafunua, brauza inajaribu kuzifungua upya zile kurasa, mtandao hakuna, kurasa zote nyeupe. Mwezi mzima alioupangia kusoma umeenda hivo. Siku aliponisimulia nilikaa kimya muda mrefu, maana mi kazi yangu ndo hiyo na sikuwahi kufikiria kwamba ni tatizo.

Basi tukatengeneza ekstensheni, mi na wenzangu wawili. Kazi yake ni ndogo tu: uko kwenye ukurasa, unabofya, inachukua maandishi ya makala yenyewe bila matangazo na bila menyu, inayaweka ndani ya kompyuta yako, unasoma bila mtandao wowote, na ukitaka inakukumbusha saa uliyoipanga. Basi. Leo iko kwenye Chrome, Firefox na Edge, Safari nitaigusa mwishoni, na inaongea Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Nataka niwaambie tulivyofika hapo, na niseme mapema kabisa kwamba mambo ya brauza yalitusumbua wiki kadhaa, mambo ya lugha yametusumbua mwaka na bado, na kama kuna kitu kimoja ningependa mkiondoka hapa mkibebe ni hicho cha lugha. Kwa hiyo ya brauza nitayapitisha haraka haraka.

Zamani kila brauza ilikuwa na mlango wake. Ekstensheni ya Firefox ilikuwa kitu kingine kabisa na ya Chrome kitu kingine, ukitaka zote mbili unaandika mara mbili. Mwaka 2017 mwezi wa 11 Firefox ilipotoka toleo la 57 ikaachana na mfumo wake wa zamani ikabaki na huu unaoitwa WebExtensions, ambao umefuata sana namna ya Chrome. 2020 mwezi wa kwanza Edge ikahamia kwenye injini ile ile ya Chrome, na mwaka huo huo Safari 14 nayo ikaupokea mfumo. Kwa hiyo sisi tuliokuja baada ya hapo tumekuta njia imelimwa, msimbo mwingi, yaani maelekezo tunayoiandikia kompyuta, unaandika mara moja tu. Mwingi, sijasema wote.

Pale ambapo si wote ndo hapa. Ekstensheni ina faili moja linaitwa manifest.json, ni kama cheti chake cha kuzaliwa, linasema jina, toleo, ruhusa inazoomba na mafaili gani yaende wapi. Siku hizi tuko kwenye manifesti toleo la 3. Kuna ile sehemu inayofanya kazi nyuma ya pazia hata kama hujafungua kitu, kwenye Chrome lazima iwe sevisi woka, yaani msimbo unaoamshwa kukiwa na kazi na kulala ikiisha, kwenye Firefox ni skripti za kawaida za nyuma. Mwanzoni tulikuwa na manifesti mbili, moja ya huku moja ya kule, na skripti ndogo ya kuzibadilisha wakati wa kupakia. Sa hivi unaweza kuandika service_worker na scripts zote mbili kwenye faili moja, kuanzia toleo la 121 kwa Chrome na la 121 kwa Firefox kila mmoja anasoma la kwake na kuliacha la mwenzake. Ila mtu mwenye toleo la nyuma atakwama, na huku kwetu matoleo ya nyuma yapo mengi sana kwa sababu kuapdeti ni bando, msilisahau hilo. Weka toleo la chini kabisa unalolikubali kwenye manifesti yenyewe ili mtu asipewe kitu kitakachomfia mkononi.

Tofauti ya pili, na hii ilituuma, ni kwamba ndani ya sevisi woka hakuna ukurasa. Hakuna document, hakuna DOMParser, vile vitu vya kusomea ukurasa. Sisi tulikuwa tunachukua HTML, yaani maandishi ghafi yanayoujenga ukurasa, tunaituma nyuma inachambuliwa kule, kwenye Firefox ikawa inaenda vizuri kabisa maana kule nyuma kuna ukurasa uliofichwa, tukaipeleka Chrome haisogei. Tulihangaika siku mbili tukitafuta njia ya kuzunguka, halafu mwenzangu mmoja akauliza swali rahisi, kwa nini tunachambua nyuma wakati ukurasa wenyewe uko pale mbele kwenye kichupo umeshafunguka? Tukahamisha kazi ile kwenye skripti inayoingizwa ndani ya ukurasa, inachambua hapo hapo, inatuma nyuma maandishi tu. Brauza zote zikakubali na ikawa nyepesi zaidi. Nimejifunza kitu hapo: Chrome na Firefox zikigombana usikimbilie kuandika kama hii fanya hivi kama ile fanya vile, kwanza angalia kama kile kitu kimekaa mahali pake.

Ya tatu ni kulala. Sevisi woka ikikaa kama sekunde 30 bila kazi inazimwa, na chochote ulichokiweka kwenye kumbukumbu kinaondoka nacho. Sisi kikumbusho tulikuwa tumekiweka kwa setTimeout, yaani kisaa kinachohesabu ndani ya msimbo wenyewe, ya masaa, kosa letu wenyewe, watu wakawa wanapanga saa hawakumbushwi. Dawa yake ni API ya alarms, yaani amri za brauza yenyewe za kupanga saa, na kila kitu cha kukumbuka kiandikwe kwenye hifadhi, kisikae kwenye kigeu. Halafu hata hizo alarms usizilalie, kwenye Firefox mtu akifunga brauza zinafutika, kwa hiyo kila brauza ikiwaka sisi tunasoma orodha yetu upya na kuzipanga tena, na kama saa ilipita wakati brauza imefungwa tunamkumbusha pale pale anapofungua. Dada yangu anawasha laptopu mara mbili kwa wiki, kikumbusho kinachosubiri kompyuta iwe imewashwa saa hiyo hiyo kingekuwa hakina maana kwake.

Kuhusu majina ya amri, Firefox zinaanza na browser na Chrome zinaanza na chrome, Firefox majibu yanakuja kama ahadi (promise) na Chrome zamani ilikuwa vijibu vya kurudishwa (callback), hilo msihangaike nalo, Mozilla wana maktaba ndogo inaitwa webextension-polyfill inawasawazishia. Na kujaribu mtumie web-ext, inafungua Firefox safi na ekstensheni yako ndani, na ukiiambia inafungua Chromium pia.

Ruhusa. Hapa ninasimama kidogo kwa sababu ni mambo ya imani. Ukiomba ruhusa ya tovuti zote, mtu wakati wa kuweka anaambiwa kwamba hiki kitu kinaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Msomeeni mama yako hiyo sentensi kwa Kiswahili uone uso wake. Na ana haki ya kuogopa! Sisi tulikuwa tunaiomba kwa uvivu tu, tukaitoa tukaweka activeTab, maana yake tunagusa ukurasa ule tu ambao mtu mwenyewe amebofya, saa ile ile aliyobofya, na lile onyo la kutisha halitokei kabisa. Kama kazi yako inawezekana kwa activeTab na unaomba tovuti zote, unawakosea watu heshima.

Haya, sasa lugha.

Utaratibu wenyewe kwenye makaratasi ni mwepesi mno. Unatengeneza folda inaitwa _locales, ndani yake folda moja kwa kila lugha, sw, en, fr, ar, na ndani ya kila moja faili messages.json lenye ufunguo na maneno yake. Kwenye manifesti unaandika default_locale, hiyo ndo lugha ya akiba, kama neno halipo kwenye lugha ya mtu linachukuliwa huko. Kwenye msimbo unaita getMessage na ufunguo, inakuletea maneno. Saa moja umemaliza unaona umetengeneza programu ya lugha nne.

Tulivyoanza, tuliandika Kiingereza kwanza, na tuliandika kama walivyotufundisha shuleni, kitu kinachojirudia kiandike mara moja. Tukawa na neno la article, neno la page, neno la video, neno la picture, na sentensi moja ya jumla ambayo unachomeka idadi, unachomeka jina la kitu, halafu mwishoni inasema deleted. Safi kabisa, sentensi moja inatosha vitu vyote. Tukaja kutafsiri Kiswahili.

Niambieni nyie, hiyo deleted ni nini? Picha 3 zimefutwa. Ukurasa 1 umefutwa, kurasa 3 zimefutwa. Kitabu 1 kimefutwa, vitabu 3 vimefutwa. Neno limefutwa, maneno yamefutwa. Mtumiaji amefutwa, watumiaji wamefutwa. Kitenzi chetu kinabeba jina mgongoni, huwezi kukiandika kabla hujajua ni nani aliyebebwa! Toleo letu la kwanza la Kiswahili lilikuwa linasema ukurasa 3 imefutwa, na tuliliachia watu walitumie, na watu walielewa, ndiyo, walielewa, lakini mwalimu mmoja wa sekondari alituandikia kwamba hicho kitu kinaongea kama mtu aliyeteremka melini jana. Ile kauli niliibandika ukutani juu ya meza yangu. Kwa sababu tulikuwa tumetengeneza kitu kwa ajili ya watu wanaosema Kiswahili, waliokitengeneza ni watu waliozaliwa kwenye Kiswahili, na kilikuwa kinaongea kama mgeni. Mfumo wenyewe hauna ubaya wowote, sisi ndo tulikuwa tumeiwaza sentensi kama matofali, ukitoa hili unaweka lile, na Kiswahili hakijajengwa kwa matofali.

Kwa hiyo tulirudi nyuma tukavunja. Sheria yetu sasa ni moja tu, kila sentensi inaandikwa nzima. Kama kuna vitu vinne vinavyoweza kufutwa, kuna sentensi nne za kufuta, na kila moja ina umoja na wingi wake, jumla nane, na kinachochomekwa ndani ni namba tu au kichwa cha makala, hakichomekwi kitu ambacho sarufi inakigusa. Mafaili yamekuwa marefu, ndiyo, la kwetu la Kiswahili limezidi mara mbili ya lilivyokuwa. Lakini mtafsiri anapofungua anaona sentensi ya mtu anayeongea, sio vipande vya chungu, na anaweza kuigeuza kuanzia mwanzo mpaka mwisho kama lugha yake inavyotaka.

Hata umoja na wingi wenyewe ule mfumo wa messages.json haukusaidii, hauna habari na hesabu. Tunatumia Intl.PluralRules ambayo imo ndani ya brauza tayari, unaipa lugha na namba inakuambia namba hii iko kundi gani. Kiswahili kina makundi mawili, moja na nyingine. Kifaransa kwa namba ndogo kinafanana ila sifuri yao wanaihesabu na umoja, sisi sifuri yetu iko na wingi. Kiarabu kina makundi sita, kuna sifuri, kuna moja, kuna mbili peke yake, kuna chache, kuna nyingi, na kuna zinazobaki. Sita! Developa aliyeandika kama namba ni 1 fanya hivi la sivyo fanya vile ameshamfungia mlango Mwarabu kabla hajafika. Andika funguo zako ziwe na nafasi ya makundi yote, lugha ambayo haiyahitaji itajaza mawili tu.

Tulibishana pia juu ya neno makala, acha niwaambie. Makala hii imehifadhiwa au makala haya yamehifadhiwa? Mwenzangu mmoja anashikilia haya, anasema ndo ilivyo sawa, mimi masikio yangu yamezoea hii, magazeti yanaandika zote mbili. Tulichofanya tulikaa na watu, tukawasomea zote mbili, tukachagua imehifadhiwa na zimehifadhiwa, halafu tukaiandika kwenye karatasi ya maneno yetu ili isije ikawa huku hii kule haya. Karatasi ya maneno ni kitu cha lazima. Neno moja, uamuzi mmoja, na sababu yake pembeni.

Kwenye hiyo karatasi kuna kivinjari, kichupo, alamisho, vidakuzi. Hayo yote yamo kwenye Chrome ya Kiswahili, na naheshimu kazi ya waliotafsiri, na mengine tumeyachukua vile vile kwa sababu mtu akishaona kichupo kule asije akakutana na neno lingine huku. Lakini kwenye mazungumzo watu wanasema brauza, wanasema tabu, wanasema sevu. Kwa hiyo tulikwenda na laptopu kwenye stesheni ya kuuza vocha, kwa fundi simu, kwa mama mmoja wa duka la vitambaa, tukawaonyesha kitufe chenye maneno tofauti tofauti bila kuwaeleza kitu, tukawauliza tu, unadhani ukibonyeza hapa itatokea nini?

Na hapo ndo nilipopata kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hii kazi. Kitufe chetu kikuu kwa Kiingereza kilikuwa maneno mawili, soma na baadaye. Tafsiri ya kwanza ilikuwa Hifadhi kwa ajili ya kusoma baadaye, haikutosha hata kwenye kitufe, ilikatika katikati. Ya pili Soma baadaye, ikatosha, ila yule mama wa vitambaa akaniuliza, kinamwamrisha nani? Nikamuuliza sasa wewe mama ungesemaje. Akasema mi ningesema nitasoma.

Nitasoma. Neno moja. Mtu yumo ndani, wakati umo ndani, kitendo kimo ndani, na ni sauti ya msomaji mwenyewe, mashine haimwamrishi. Na ukishamaliza kusoma unabofya Nimesoma. Nitasoma, Nimesoma, vitufe viwili vinatofautiana silabi moja na kila mtu anaelewa. Kiswahili kilichokuwa kinatupa shida kwa sababu kitenzi kinabeba kila kitu, ndo hicho hicho kilichotupa kitufe kifupi kuliko lugha zote nne. Baada ya hapo tukabadilisha utaratibu wa kazi: sentensi mpya inaandikwa Kiswahili kwanza, Kiingereza kinafuata. Sio kwa ajili ya majivuno, ni kwamba ukianza na lugha yenye upatanisho mzito huwezi kukata sentensi vipande hata ukitaka, inakukatalia palepale, na zile nyingine zinaingia kirahisi.

Saa. Jamani saa. Kikumbusho kina sehemu ya kuchagua muda, ile ya kawaida ya brauza. Mtu mmoja akapanga asome jioni baada ya kula, akaandika 02:00. Saa mbili. Kikumbusho kikatoa mlio saa nane za usiku watoto wakaamka. Alikuwa amekosea? Mimi nasema hapana. Yeye ameandika saa mbili na saa mbili anaijua tangu anazaliwa, sisi ndo tulimpa sehemu inayoelewa saa ya watu wengine bila kumwambia. Kompyuta inaanza kuhesabu siku usiku wa manane, sisi tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza na tena likizama.

Hesabu yenyewe ni rahisi, unachukua saa ya kompyuta unaongeza 6 unagawa kwa 12 unachukua baki, baki likiwa sifuri ni kumi na mbili. Saa 20 unaongeza 6 inakuwa 26, baki 2, saa mbili. Lakini hesabu haitoshi, lazima useme ya lini, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na hapo watu wanatofautiana, saa moja jua likishazama kuna wanaosema jioni na kuna wanaosema usiku. Halafu kuna siku. Saa 01:00 ya Jumapili ya kompyuta, bibi yangu hawezi kukubali uiite hivi hivi tu usiku wa Jumapili, hiyo ni saa saba usiku wa kuamkia Jumapili. Tumeandika hivo hivo, wa kuamkia, na kuna watu wametuandikia kushukuru kwa hilo neno moja tu. Sasa mtu akichagua muda, chini yake yanatokea maneno kamili, leo saa mbili usiku, kabla hajathibitisha, na juu tumeweka vitufe vya haraka, jioni hii, kesho asubuhi, ambavyo watu wengi ndo wanavyotumia na hawagusi namba kabisa.

Kiarabu tulikiongeza kwa sababu ya watu wa Oman. Kuna familia nyingi kule Muscat zinazosema Kiswahili nyumbani, wazazi au mababu zao walitoka Zanzibar na pwani, na mmoja aliyekuwa anatumia toleo la Kiswahili akatuomba la Kiarabu kwa ajili ya wanawe ambao wanasoma shule kwa Kiarabu, akajitolea kutafsiri mwenyewe. Kiarabu kinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, tukadhani ni kugeuza skrini kama kioo. Kila mahali tulipoandika kushoto tukabadilisha ikawa mwanzo, margin-left ikawa margin-inline-start, na mfumo una maneno ya tayari kama @@bidi_dir ambayo yanakuambia lugha ya mtu inaelekea wapi. Mishale ya kurudi inageuka, alama ya vema haigeuki, saa haigeuki. Ila tatizo lilibaki kwenye vichwa vya makala, mtu ana orodha ya Kiarabu lakini makala nyingine ni za Kiswahili na Kiingereza, alama ya kuuliza ya mwisho inarukia mwanzo, mabano yanageuka. Dawa ni kila kichwa cha makala kipewe dir auto chake peke yake, yaani mwelekeo ufuate maandishi ya kichwa hicho, kisirithi cha ukurasa. Neno moja kwenye HTML, na tulilitafuta wiki nzima.

Sasa kuna ukuta mmoja ambao lazima niwaambie. Ekstensheni inafuata lugha ya brauza, na API yenyewe haikupi njia ya kuibadilisha. Huku kwetu laptopu nyingi zinakuja na brauza ya Kiingereza na mwenyewe hajawahi kuigusa, au ni laptopu ya ofisini, au wanatumia watatu nyumbani. Kwa hiyo unaweza kutafsiri Kiswahili mwaka mzima na dada yako asikione hata siku moja! Na ndicho kilichotokea, dada yangu mwenyewe, ambaye kazi yote ilianzia kwake, alikuwa anaiona kwa Kiingereza. Akaniambia kaka si ulisema umeiandika Kiswahili?

Ikabidi tutengeneze kipakiaji cha maneno chetu wenyewe. Maneno yote yako kwenye folda yetu tuliyoiita lugha, mtu anapofungua mara ya kwanza anaulizwa, lugha nne zimeandikwa kila moja kwa jina lake yenyewe, Kiswahili, English, Français, العربية, anachagua, tunaweka kwenye hifadhi, basi. Kwenye _locales yamebaki jina na maelezo mafupi tu, maana hayo brauza na duka ndo wanaoyasoma. Menyu ya kubofya kulia nayo inabadilishwa kwa msimbo, kumbukeni hilo, tulilisahau.

Faida ya pili ya kipakiaji chetu ni kwamba Chrome inakubali lugha zilizo kwenye orodha yake tu, Kiswahili kimo, Kiamhari kimo, lakini ukiweka folda ya Kinyarwanda au Kilingala inaipita kama haipo. Kwetu sisi haipiti, mtu akileta tafsiri inaingia. Na Kiswahili chenyewe si kimoja. Watumiaji wa Lubumbashi wametuandikia kwamba wanaelewa lakini wanasoma kama barua ya serikali, hawaongei hivo, na mi nakubaliana nao kwamba wana haki ya kusoma kwa Kiswahili cha nyumbani kwao.

Maduka nayapitia haraka. Chrome unalipa dola 5 mara moja kufungua akaunti, Firefox na Edge bure. Maelezo mafupi kwenye manifesti mwisho herufi 132, na Kiswahili na Kifaransa vinazidi haraka kuliko Kiingereza, kwa hiyo yaandike upya kwa kila lugha, usitafsiri halafu ukakata mkia. Ukibana msimbo wako ili faili liwe dogo, Firefox watataka na ule ambao haujabanwa pamoja na maelezo ya kuujenga. Duka moja lilitukataa mara ya kwanza kwa sababu maelezo ya Kiingereza yalitaja ruhusa ambayo tulishaiondoa na hatukuyaapdeti, hiyo ilikuwa haki yao kabisa. Safari ndo tunasita. Apple wana chombo cha kubadilisha ekstensheni iwe programu ya Mac na iPhone, tumekijaribu kwenye Mac ya kuazima inafanya kazi, lakini kuiweka dukani ni dola 99 kila mwaka, na bado hatuna hizo za kila mwaka. Kwa simu, Firefox ya Android tangu Desemba 2023 inapokea ekstensheni za kila mtu, Chrome ya Android haipokei, kwa hiyo mwenye simu tunamwambia aweke Firefox.

Dada yangu wiki iliyopita alikuwa na makala 31 kwenye orodha yake, 12 ameshabofya Nimesoma.

Nimekuja na karatasi yetu ya maneno, nimechapisha nakala ishirini ziko hapo mezani, na faili lenyewe liko kwenye flashi kwa anayetaka kunakili. Ukurasa wa mwisho kuna sentensi 14 zenye nafasi wazi upande wa kulia, hizo ni za Kiswahili cha Lubumbashi na hatujapata mtu wa kuzikamilisha. Kama kuna mtu humu amekulia kule, au ana mjomba au shangazi kule anayeweza kusikiliza nikimpigia simu, naomba anione kabla hajatoka, nitakuwa hapo karibu na mlango.